Riwaya za Dragon Age na Tarehe ya Thedas

Mwaka 2012 mpwa wangu alinijia na kitabu mkononi, uso umemkunjamana kama mtu aliyepunjwa sokoni. Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya Kiingereza iitwayo Asunder, kazi ya David Gaider, iliyotoka Desemba 2011. Akanifunulia ukurasa, akaniwekea kidole juu ya jina la bibi mmoja, Wynne. “Mjomba,” akasema, “huyu nilimuua mimi mwenyewe. Vipi humu yu hai?”

Hakuwa akisema fumbo. Katika mchezo wa kompyuta Dragon Age: Origins wa mwaka 2009, Wynne ni mwanamke wa makamo aliyejaaliwa sihiri ya kuponya, naye huweza kufuatana na shujaa safarini. Kuna mahali ambapo mchezaji hutakiwa ayanajisi majivu ya Andraste, mwanamke ambaye dini ya nchi ile imejengwa juu ya jina lake. Akikubali kuyanajisi na Wynne yupo, bibi yule humgeukia, na hapana budi apigwe hadi kufa. Mpwa wangu alikubali. Alitaka kujua kitakachotokea, akakijua, akajuta, na hakurudi nyuma kuufuta ule uamuzi, kwa kuwa aliona si haki kucheza mara ya pili ili atoke msafi. Miaka miwili alikaa na kifo kile kama deni. Sasa amenunua kitabu kwa akiba yake, na kitabu kinamwambia kwamba deni halikuwapo.

Nilimpa jibu la haraka: kitabu ni kitabu na mchezo ni mchezo. Halikumtosheleza, na baada ya siku mbili nikaona halinitoshelezi hata mimi, kwani nimeishi umri wangu wote baina ya maandishi mawili, la asili na la tafsiri, na sijapata kuamini kwamba moja halimgusi mwenzake. Nikaazima kitabu nikakisoma, kisha nikavisoma vyote vilivyosalia. Makala haya ni jibu nililomchelewesha.

Wasomaji wa shairi ambao hawajapata kugusa michezo hii wanahitaji maelezo kidogo. Thedas ni bara la kubuni lililobuniwa na kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada. Michezo mikuu ni minne: Origins (2009), Dragon Age II (2011), Inquisition (2014) na The Veilguard (2024). Pembeni yake zimeandikwa riwaya tano: The Stolen Throne na The Calling, zote za Gaider na zote za 2009, Asunder ya 2011, The Masked Empire ya Weekes na Last Flight ya Liane Merciel, zote mbili za 2014. Gaider alikuwa mwandishi mkuu wa michezo mitatu ya mwanzo, na Weekes naye alikuwa mwandishi wa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Kwa hiyo hatusemi habari ya watu baki waliokodiwa kudandia jina la wengine. Aghalabu mkono ulioandika mchezo ndio ulioandika kitabu.

Bara hilo lina kalenda yake. Miaka hugawanywa katika enzi za miaka mia mia, na kila enzi hupewa jina. Ya tisa ndiyo Enzi ya Joka, iliyoupa mfululizo jina lake. Mwaka huandikwa kwa kutanguliza nambari ya enzi, hata 9:30 ikawa ni mwaka wa thelathini wa Enzi ya Joka. Mambo ya Origins hutokea 9:30. Dragon Age II huanzia mwaka huo huo na kufika 9:37. Inquisition huanza 9:41, na The Veilguard ni 9:52. Riwaya nazo zina mahali pao: The Stolen Throne huanza 8:96, mwishoni mwa enzi ya nane; The Calling ni 9:10; Asunder ni 9:40, na The Masked Empire inakaribiana nayo; Last Flight ina nyakati mbili, 9:41 na vita vya zamani sana vya 5:12 hadi 5:24.

Ukiyapanga haya kwenye karatasi utaona yanakaa kama meno ya kitana. Mwenye kutafuta makosa ya hesabu atachoka bure. Lakini mpwa wangu hakulalamikia hesabu. Alilalamikia kwamba ndani ya mchezo mna tarehe ya pili, isiyoandikwa kwa nambari, nayo ni tarehe ya aliyoyatenda mchezaji. Nani aliketishwa kwenye kiti cha enzi, nani alisamehewa, nani alikufa: haya hutofautiana nyumba hata nyumba. Riwaya haiwezi kutofautiana nyumba hata nyumba. Ikishachapishwa, imechapishwa. Ndiyo maana swali la haki juu ya kila riwaya ya namna hii ni kuuliza inafanya nini inapokutana na uamuzi ambao si wake, kabla hatujauliza inaangukia mwaka gani.

Nianze na zile zinazokwepa mkutano huo kwa kutangulia mbele yake. The Stolen Throne ilitoka Machi 2009, miezi minane kabla ya mchezo wa kwanza. Inasimulia ujana wa Maric, mwana wa malkia mwasi aliyeuawa kwa hila, na namna anavyoirudisha Ferelden mikononi mwa wenyeji kutoka kwa dola ya Orlais. Pamoja naye wapo Loghain, kijana aliyekulia miongoni mwa watoro wa sheria, na Rowan, binti wa kikabaila aliyeposwa na Maric tangu utotoni. Loghain na Rowan wanapendana. Loghain ndiye anayemrudisha Rowan kwa Maric, kwa kuwa ufalme unamtaka malkia naye anautaka ufalme usimame.

Sasa mchukue mtu aliyeanza na mchezo pasi na kitabu. Yeye humwona Loghain mara ya kwanza huko Ostagar, amiri jeshi mwenye uso mgumu. Moto wa ishara unawashwa mnarani ili jeshi lake lishuke kumwokoa mfalme Cailan. Loghain anautazama, kisha anaamuru jeshi lirudi nyuma. Mfalme anauawa. Kwa mchezaji huyo Loghain ni khaini, na mambo yamekwisha. Aliyesoma kitabu kwanza anaona jambo jingine. Cailan ni mwana wa Maric na Rowan. Aliyeachwa uwanjani ni mtoto wa rafiki aliyempenda kuliko nafsi yake, na wa mwanamke aliyemtoa sadaka kwa ajili ya nchi. Tena ni mume wa binti yake mwenyewe, Anora. Kitabu hakimsafishi Loghain hata chembe. Kwenye msitu wa The Stolen Throne mwanamke mchawi anamwonya Maric mapema juu ya usaliti wa rafiki huyu, hivyo msomaji anaingia Ostagar na onyo sikioni. Kinachobadilika ni uzito wa hukumu. Mwishoni mwa mchezo ni mchezaji anayeamua Loghain akatwe kichwa au apewe nafasi ya kujikomboa, na riwaya haikuligusa jambo hilo hata kwa ncha ya kidole. Imemtia mchezaji maarifa, ikamwachia upanga.

Hii ndiyo faida ya riwaya iliyotangulia. Mambo yake yalikwisha kabla mchezaji hajazaliwa katika nchi ile, hivyo haina cha kumnyang’anya. Kama kazi ya sanaa ina kasoro zake: mapigano ni mengi na yanafanana, na Maric hupona hatari kwa bahati mara nyingi mno. Lakini nguzo yake, yaani watu watatu na kiti kimoja, ni imara.

The Calling inatumia njia hiyo hiyo kwa ujanja zaidi. Ni 9:10, Rowan amekwisha kufa, na Maric, mfalme aliyechoka na ufalme, anashuka njia za chini ya ardhi pamoja na kikosi cha Walinzi wa Kijivu, watu walioapa kupigana na viumbe wa kiza. Miongoni mwao yumo Duncan, kijana mwizi, ambaye miaka ishirini baadaye ndiye atakayemwandikisha shujaa wa Origins. Yumo pia Fiona, mwanamke wa kabila la elfi, watu wenye masikio marefu wanaodharauliwa katika miji ya wanadamu, naye ana sihiri. Mwisho wa kitabu Fiona anamletea Maric mtoto mchanga, na kumwomba alelewe bila kujua mama yake ni nani.

Kitabu hakimtaji mtoto kwa jina. Lakini aliyecheza Origins anamjua Alistair, mwanaharamu wa Maric aliyelelewa Redcliffe, aliyeambiwa kwamba mama yake alikuwa mtumishi aliyefariki kwa uzazi. Katika mchezo huo Alistair anamtafuta dada yake wa upande wa mama, mfua nguo mjini Denerim aitwaye Goldanna. Anabisha hodi na moyo unamdunda, na mwanamke yule anamkaripia kwamba ndiye aliyemuua mama yao. Tukio hilo ni la kuhuzunisha kwa aliyecheza tu. Kwa aliyesoma, huzuni inazidi: kijana anatukanwa na mtu ambaye pengine si ndugu yake kabisa, kwa kifo cha mama ambaye pengine si mama yake, na mama halisi yu hai mahali fulani na amenyamaza. Hakuna neno la mchezo lililobadilishwa. Kilichobadilika ni masikio yetu. Sisi tuliozoea mashairi ya mafumbo tunaijua hali hii: beti ni zile zile, lakini ukishaambiwa shairi lilitumwa kwa nani, huwezi tena kulisikia kama zamani.

Sasa tufike kwenye Asunder, na kwenye shauri la mpwa wangu. Riwaya hii haikutangulia, imekaa katikati. Nyuma yake pana Dragon Age II, ambamo mwaka 9:37 mtu mmoja mwenye sihiri analipua nyumba kuu ya ibada ya mji wa Kirkwall. Mbele yake pana Inquisition, inayoanza wakati wenye sihiri na askari wa dini waliowalinda kwa karne nyingi wamekwisha kuwa maadui wa vita. Kati ya mlipuko na vita pana pengo, na Asunder ndiyo inayoliziba: inasimulia jinsi wenye sihiri walivyokutana wakapiga kura kujitoa chini ya mamlaka ya dini, na jinsi mkuu wa askari alivyouvunja mkataba wa kale. Mchezo wa 2014 unamkabidhi mchezaji vita hivi vikiwa vimekwisha kuwaka. Asiyesoma kitabu huambiwa kwa maneno machache kwamba kura ilipigwa. Aliyesoma alikuwapo ndani ya ukumbi.

Kazi hiyo ni kubwa na kwa sehemu kubwa imefanywa vyema. Cole, kijana asiyeonekana wala kukumbukwa na watu, anayezunguka kwenye shimo la mnara na kuwaua wenye kukata tamaa akiamini anawafariji, ni miongoni mwa wahusika bora wa mfululizo mzima. Naye anaingia Inquisition kama mwenzi wa shujaa akiwa na historia ambayo mchezo pekee usingeweza kuibeba. Lakini ili kuisimulia safari yake, Gaider alimhitaji mtu mzima mwenye heshima pande zote, akamchukua Wynne, akampa mwana, Rhys, na mwishoni akampa kifo cha kumwokoa mtu mwingine. Ni kifo kizuri. Tatizo lake ni kwamba kwa baadhi ya wasomaji ni kifo cha pili.

Wapo watakaosema mpwa wangu analilia jambo dogo, na kwamba hata michezo yenyewe hufanya hivi. Ni kweli. Leliana, mwimbaji wa Origins, naye huweza kuuawa pale pale penye majivu, na bado anaonekana Inquisition akiwa mzima na mwenye cheo. Watasema tena kwamba mwandishi hawezi kuandika kitabu kimoja chenye nusha mia. Hilo nalo ni kweli, na mimi ni wa mwisho kulibisha. Nilipojaribu kumfasiria mpwa wangu kurasa kumi za Asunder, nilikwama kwenye neno la kwanza lenye uzito: nimwite Wynne nani? Nikisema mchawi, nimekwisha kumhukumu, kwani kwetu neno hilo lina usiku ndani yake. Nikisema mganga, nimemtakasa kabla ya wakati. Nikaandika “mwenye sihiri”, neno lisilopendeza, ili hukumu nimwachie msomaji. Kwa hiyo najua kwamba kuandika ni kuchagua, na kwamba kila chaguo huua machaguo mengine. Lakini mfasiri mwaminifu huhesabu anachokiua. Ninachoilaumu Asunder si kumchagua Wynne aliye hai. Nailaumu kwa kutohesabu. Imemleta kana kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyekwisha kumzika.

Kwamba ingewezekana vinginevyo, The Masked Empire ni ushahidi. Ilitoka Aprili 2014, miezi saba kabla ya Inquisition. Celene, malkia wa Orlais, anampenda Briala, mjakazi wake wa kabila la elfi. Na msomaji anakuja kujua kwamba Celene, ili afike kwenye kiti, ndiye aliyeamuru wazazi wa Briala wauawe. Upande wa pili yuko binamu yake Gaspard, jemadari anayekitaka kiti hicho hicho. Weekes anawapa wote watatu hoja zenye nguvu na dhambi zenye uzito, anawasha moto wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha anaweka kalamu chini bila mshindi. Katika mchezo, shujaa anaalikwa kwenye dhifa ya mfalme huko Halamshiral, na ni mchezaji anayeamua nani kati ya watatu hao atoke na mamlaka. Aliyesoma riwaya anaingia kwenye ukumbi ule akijua damu iliyo chini ya zulia. Anaweza kuwapatanisha Celene na Briala, na akifanya hivyo anajua anachowaomba wasamehe. Hapa ndipo kitabu na mchezo vinapogawana kazi kwa haki. Kitabu kinaeleza chanzo, na mchezo unatoa hukumu. Kwangu mimi hii ndiyo riwaya bora ya tano zote, na ubora wake hautengani na kujizuia kwake.

Mfululizo mwingine mashuhuri wa aina hii ulipata salama kwa njia tofauti, nao ni The Elder Scrolls. Kati ya mchezo wa Oblivion wa 2006 na ule wa Skyrim wa 2011, waandishi waliacha miaka mia mbili ya nchi yao. Greg Keyes akapewa pengo hilo kwa riwaya mbili, The Infernal City ya 2009 na Lord of Souls ya 2011, akaziweka miaka kama arobaini baada ya mchezo uliotangulia. Humo tunaelezwa jinsi jabali lililokuwa likining’inia angani juu ya mji wa Vivec, ambalo wachezaji wa Morrowind walipita chini yake mwaka 2002, lilivyoanguka na mlima wa moto ukalipuka. Mwaka 2012 wachezaji walirudi kisiwa cha Solstheim wakalikuta jivu la mlipuko huo. Hakuna uamuzi wa mtu uliovunjwa, kwani mashujaa wote walikwisha kuwa hadithi za wahenga. Na katika mfululizo huo huo, mchezo wa Daggerfall wa 1996 ulipokuwa na miisho kadhaa isiyopatana, waliokuja baadaye hawakuchagua mmoja. Waliandika kwamba wakati wenyewe ulivunjika, na miisho yote ikatokea kwa pamoja. Ni suluhisho la ajabu, lakini lina adabu ndani yake: hakuna mchezaji aliyeambiwa kwamba alilolitenda halikutendeka.

Imebaki Last Flight, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya sasa badala ya miaka hiyo. Mwaka 9:41, Valya, msichana wa elfi, anapata katika maktaba ya Weisshaupt shajara ya Isseya, mwanamke aliyepigana katika vita vya enzi ya tano. Isseya na kaka yake Garahel walipanda grifoni, wanyama wenye kichwa cha tai na kiwiliwili cha simba, ambao tangu mchezo wa kwanza tuliambiwa wametoweka wote. Shajara inaeleza walitowekaje, na kwamba sababu ilitoka mikononi mwa walewale waliowapenda. Mwisho wa riwaya mayai machache yaliyofichwa kwa karne nne yanapatikana, na makinda yanaanguliwa. Nilipoisoma nilidhani ni faraja ya kitabuni tu.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 2024 ukatoka The Veilguard, na mmoja wa wenzi wa shujaa, Davrin, analea kinda la grifoni liitwalo Assan. Mayai ya Merciel yamekuwa ndege wa mchezo. Isseya mwenyewe anarejea, akiwa amegeuka kiumbe cha kutisha. Riwaya ambayo wengi waliiona ni ya pembeni kabisa, ya mwandishi wa nje, ya zama za mbali, ndiyo iliyoingia ndani ya mchezo kwa miguu yote miwili.

Je, yale ya mchezaji yaliingia? Kabla ya Inquisition kampuni iliweka hazina ya mtandaoni, Dragon Age Keep, ambamo kila mchezaji aliweza kuandika aliyoyaamua katika michezo miwili iliyopita, na mchezo ukayasoma. Watu walikaa usiku wakikumbuka nani walimsamehe. The Veilguard haikuisoma hazina hiyo. Humwuliza mchezaji mambo matatu tu, yote ya Inquisition: alimpenda nani, jumuiya yake aliivunja au aliidumisha, na aliapa kumzuia Solas au kumwokoa. Haikuuliza nani uliyemweka kwenye kiti cha Ferelden. Haikuuliza Loghain alikufaje. Haikuuliza hukumu uliyoitoa Halamshiral.

Basi tazama mizani ilivyolala. Mwaka 2012 nilidhani mashindano ni kati ya nusha mbili zenye haki sawa, ya kitabu na ya mchezaji. Baada ya 2024 naona kwamba ile ya kitabu imekaa na ile ya mchezaji inafifia. Si kwa sababu kitabu ni kitukufu zaidi. Ni kwa sababu kitabu kilichagua mara moja, na lililochaguliwa mara moja ni jepesi kubebwa. Lakini maamuzi ya watu maelfu, kila moja likitaka mlango wake, hugharimu fedha na kazi, na msafara ukiwa mrefu ndiyo yanayotupwa kwanza.

Sisi wa pwani si wageni wa jambo hili. Habari za Pate zimetufikia kwa nusha kadhaa, na miaka ya wafalme haipatani baina ya nusha na nusha. Kisa cha Liyongo kilichapishwa na Steere mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akautunga utenzi wake mwaka 1913. Leo mtoto akiulizwa habari za Liyongo, aghalabu anachokijua kimepitia maandishi, na yale yaliyosemwa barazani na wazee ambao hakuna aliyewaandika yamekwenda nao. Hivyo ndivyo wino unavyofanya, na hatumlaumu Kijumwa. Lakini kuna tofauti moja ambayo lazima niitaje. Hakuna aliyemwambia msikilizaji wa barazani kwamba kifo cha Liyongo kimo mikononi mwake. Alisikia, akalia, akaenda zake. Mchezaji wa Thedas aliambiwa: amua wewe, na nchi hii itakukumbuka. Aliyeahidi ndiye mwenye deni.

Kwa anayetaka kusoma, nashauri hivi. The Stolen Throne na The Calling zisomwe kabla ya Origins, au mara tu baada yake, kabla uso wa Loghain haujasahaulika. Asunder isomwe baada ya Dragon Age II. The Masked Empire isomwe kabla ya Inquisition, na asiisome baada, kwani itakuwa kama kusikiliza mashahidi baada ya hukumu. Last Flight isomwe wakati wowote kabla ya The Veilguard.

Mpwa wangu sasa ni mtu mzima, ana mke na mtoto wa kike. Mwaka jana nilimrudishia Asunder yake, pamoja na zile kurasa kumi nilizozifasiri. Aliisoma mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Nilimwuliza ameonaje kifo cha Wynne. Akaniambia kitabu ni kizuri, na bibi yule amekufa kifo cha heshima. Kisha akasema, “Lakini wangu nilimuua mimi, mjomba. Hilo sitaki mtu aniondolee.” Nimeliandika hapa, ili liwe limeandikwa mahali.